Tabora, bandari ya waenda kwa miguu

Bandari tunayoijua wengi wetu ina maji, ina meli na ina makuli. Lakini tarehe 7 Novemba 1857 Mwingereza Richard Burton na mwenzake John Speke waliingia mahali palipoitwa Kaze, katika Unyanyembe huko Unyamwezi, na Burton akaandika kwamba wamefika bandarini. Ilikuwa siku ya 134 tangu waiache pwani. Hapakuwa na bahari wala ziwa. Neno hilo Burton hakulibuni. Alilipokea kwa watu wa misafara, ambao kwao Kaze ilikuwa bandari hasa. Hapo mizigo ilituliwa, wapagazi waliotoka pwani wakalipwa na kuagana, wapya wakaajiriwa, na njia zikagawanyika: moja ikielekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Kaze hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Tabora.

Nimeanza mbali namna hiyo, lakini jambo lenyewe ni la leo. Siku hizi katika semina za mipango miji wimbo ni mmoja: katikati ya mji pawe pa kijani, pawe na miti, na mtu aweze kutembea kwa miguu bila kugongwa wala kuungua na jua. Aghalabu mtoa mada huonyesha picha za Copenhagen, ambako mtaa wa Strøget ulifungwa kwa magari mwaka 1962, na wajumbe huandika kwenye madaftari yao. Kisha wanarudi nyumbani wakiamini kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, yanayohitaji fedha za Wazungu, na kwamba sisi kwanza tutafute lami.

Sina ugomvi na Copenhagen. Ninachosema ni kwamba miaka mia moja na zaidi kabla ya Strøget kufungwa, huku kwetu palikuwa na mji ambao kila aliyeingia aliingia kwa miguu, na ambao ulikaa jinsi ulivyokaa kwa sababu ya miguu hiyo. Anayetaka kuichora upya Tabora ya leo angefanya vema kuanza na Kaze kabla hajanunua tiketi ya ndege.

Hebu tuwatazame hao waliotembea. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani kiasi cha kilo 32, na aliubeba begani, si kichwani kama mtu wa pwani. Juu ya hapo alikuwa na mkeka wake, chungu chake na posho yake. Mbele alitangulia kirangozi, ndiye aijuaye njia. Walianza safari kabla jua halijapanda, na siku ya kawaida walipiga kambi kabla ya adhuhuri. Palipokuwa na masafa marefu yasiyo na maji walifanya kitu walichokiita terekeza: wanakunywa, wanaondoka alasiri, wanalala mahali pakavu, na asubuhi yake wanayafikia maji mengine. Kati ya Ugogo na Unyamwezi lilikuwako pori lililoitwa Mgunda Mkali, na jina hilo halihitaji maelezo. Huko Ugogo watemi walitoza hongo, ambayo wakati ule ilikuwa ushuru wa wazi wa kupita na kunywa maji, wala si hii inayopokelewa chini ya meza.

Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha kwamba wengi wa watu hawa walikuwa wafanyakazi wa kulipwa, wenye desturi zao za kazi, viongozi wao na hata migomo yao. Walikuwa wataalamu wa barabara. Na mtaalamu wa barabara wa aina hiyo alijua mambo mawili ambayo wa leo mara nyingi hayaweki kwenye michoro yake: maji yako wapi, na kivuli kiko wapi.

Sasa tuingie nao Kaze. Burton alitarajia mji asiuone. Aliona vijiji, mashamba, na nyumba kubwa za wafanyabiashara zimekaa mbalimbali. Zilikuwa tembe, nyumba za udongo zenye kuta nene, paa bapa na ua katikati. Mwenyeji wake, Mwarabu Snay bin Amir, alikuwa mmoja wa wakubwa wa mahali pale. Alikuwako pia Mhindi aliyejulikana kwa jina la Musa Mzuri, mfanyabiashara wa zamani katika njia hiyo. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu watu, alikiri kwamba wafanyabiashara hao waliishi kwa raha, na kwamba bustani zao zilikuwa kubwa na zimepandwa vizuri. Mbele ya nyumba palikuwa na varanda pana ambapo mgeni alikaribishwa akae kivulini.

Mpangaji wa Kizungu akiona hivyo husema: huu si mji, ni mkusanyiko wa vijiji. Mimi naona kwamba mpango ulikuwapo. Kila nyumba ilikuwa na kisima chake au ilikuwa karibu na kisima, ilikuwa na shamba lake la kulisha watu wengi waliopita, na kati ya nyumba na nyumba palikuwa na njia ambayo mtu angeimaliza bila kuchoka. Mji wa namna hiyo ungewezaje kubanana? Msafara mmoja ulileta mamia ya watu kwa siku moja, nao walihitaji chakula, maji na mahali pa kujinyoosha.

Na mwembe je? Mwembe si mti wetu wa asili. Asili yake ni India na nchi za jirani, na kutoka pwani uliingia bara pamoja na misafara. Hadi leo ukifuata njia ile ya zamani utakutana nao: Bagamoyo, kwenye ile njia ya misheni ya Wakatoliki; Tabora na Kwihara; Ujiji, ambako mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley umezungukwa na miembe. Wapo wasemao kwamba miti hiyo iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watumwa walipokuwa wakipita. Wengine husema ilipandwa makusudi na Waarabu ili misafara ipate kivuli. Mti hauna cheti cha kuzaliwa, na si kila mwembe mnene unaouona Tabora ni wa enzi ya misafara. Lakini mwembe ulioota kutokana na kokwa huishi zaidi ya miaka mia, hautupi majani yake yote wakati wa kiangazi, na mizizi yake hushuka chini sana kutafuta maji. Kwa mji ambao hukaa miezi mingi bila tone la mvua, kuanzia Mei hadi Oktoba, ni vigumu kufikiria mti unaofaa zaidi kwa mtu wa miguu.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Kuna tabia imezuka, hasa kwenye vipeperushi vya utalii, ya kuisimulia njia ya misafara kama hadithi tamu ya pembe, karafuu na mahaba ya kale. Katika njia ile ile aliyotembea mpagazi wa mshahara alitembea pia mtu mwenye kongwa shingoni, na mwanamke aliyefungwa mnyororo na wenzake. Mashamba na bustani zile nzuri za Unyanyembe zililimwa kwa sehemu kubwa na watumwa. Aliyekaa kwenye varanda alikuwa bwana. Kwa hiyo tunapoisifu Kaze kwa kivuli chake tujue kwamba kivuli hicho kiligawanywa, na swali la nani akae kivulini na nani asimame juani halikuanza na magari.

Mambo yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapitia haraka. Agosti 1871 Mtemi Mirambo aliishambulia Tabora na kuichoma sehemu yake, wakati Stanley yuko Kwihara. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa katika tembe ya Kwihara hadi mwishoni mwa Agosti, akingoja wapagazi na vifaa, kisha akaondoka kwenda kufia Ilala, katika Zambia ya leo. Na Chuma na Susi na wenzao waliupitisha mwili wake hapo hapo Unyanyembe Oktoba 1873, wakiupeleka pwani kwa miguu. Januari 1893 Mtemi Isike, aliyekataa kuwapigia Wajerumani magoti, alijilipua kwa baruti ngomeni mwake asishikwe. Wajerumani wakatawala, wakajenga boma.

Kisha ikaja reli. Ilitoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mapema mwaka 1914. Kwa mpagazi huo ulikuwa mwisho wa kazi. Safari iliyokuwa ya miezi sasa ilikuwa ya siku chache. Vita Kuu ya Kwanza ikawarudisha watu njiani kwa nguvu, maelfu kwa maelfu, kubeba mizigo ya majeshi ya pande zote, na wengi hawakurudi makwao. Soko la Kariakoo la Dar es Salaam limerithi jina lake kwao. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji, yaliyotokea upande wa Rwanda na Burundi, yaliingia Tabora. Mwaka 1928 ikafunguliwa njia ya reli ya kwenda Mwanza, na Tabora ikawa njia panda ya reli kama ilivyokuwa njia panda ya miguu.

Reli iliuvuta mji kuelekea kwake. Katikati pakawa ni stesheni, soko, maduka na boma. Na kama ilivyokuwa katika kila mji wa Tanganyika ya wakoloni, mji uligawanywa: Uzunguni nyumba ziliachana na miti ikapandwa kwa mistari, Uhindini maduka yalibanana, Uswahilini watu waliachiwa wajipange wenyewe. Kivuli kikagawanywa tena, safari hii kwa rangi. Hata hivyo naomba tuitendee haki varanda ya duka la Kihindi. Duka lilijengwa likigusa njia, na mbele yake paa lilitokeza likafunika mahali pa kupita. Duka la pili likafanya vivyo hivyo, na la tatu, hata ukaweza kwenda mbali bila kupigwa na jua wala kunyeshewa. Fundi cherehani aliweka cherehani yake hapo, muuza karanga akakaa ngazini. Hakuna aliyeita hiyo miundombinu, lakini ndiyo hasa. Majengo tunayoyajenga leo yana vioo mbele na ngazi za marumaru zinazoteleza, na mpita njia ameachiwa ukingo wa mtaro.

Ukitaka kujua jinsi miguu ilivyoandika mji huu sikiliza majina ya kata zake. Iko Tambukareli, yaani vuka reli kwa hatua. Jina hilo lisingetungwa na mtu aliye ndani ya gari. Iko Chemchem. Iko Ng'ambo. Iko Kidongo Chekundu, jina la mtu aliyetazama chini alipokanyaga. Watoto wetu hufundishwa Tabora ya Isike, Tabora ya shule aliyosoma Mwalimu Nyerere, Tabora ya Uamuzi wa Busara wa TANU wa Januari 1958, na ni vema. Lakini mitaa na miti haimo kwenye somo.

Baada ya Uhuru kuna mahali ambapo nchi yetu ilijaribu kuifikiri upya habari hii ya miguu, na nashangaa kwamba hatupataji mara nyingi. Mwaka 1973 TANU iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma, katika Ugogo ule ule wa misafara. Kampuni ya Kanada, Project Planning Associates, ilipewa kazi ya kutayarisha mpango kabambe, na mpango ulitoka mwaka 1976. Uusome leo utadhani umeandikwa kwa ajili ya semina nilizozitaja hapo mwanzo. Ulitaka mji usiotawaliwa na gari la mtu binafsi. Makazi yalipangwa kwa jumuiya, na mtu aweze kukifikia kituo cha basi kwa miguu. Mabasi yawe na njia zake yenyewe. Baiskeli na waenda kwa miguu wapewe njia zao. Na mji upandwe miti kupambana na ukame wa Ugogo. Sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa: nchi ilikuwa maskini, mafuta yalikuwa yamepanda bei baada ya 1973, na watu wengi hawakuwa na magari wala hawakutarajiwa kuwa nayo.

Fedha hazikutosha, na sehemu kubwa ya mpango haikujengwa kama ilivyoandikwa. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kweli kweli, kuanzia mwaka 2016, ilihamia na magari yake. Lakini wazo lenyewe halikushindwa, maana halikujaribiwa kwa ukamilifu. Na waliolikubali hawakuwa waigaji wa Ulaya. Walikuwa watu waliojua kuhesabu wananchi wangapi wanatembea.

Hesabu hiyo bado ni rahisi. Simama asubuhi kwenye njia iingiayo sokoni Tabora, au iendayo Hospitali ya Kitete. Utawaona wanafunzi, wagonjwa na wanaowasindikiza, mama mwenye beseni, mzee na baiskeli yake anayoikokota kwa sababu imebeba gunia la mkaa. Bodaboda na bajaji ni nyingi, magari yapo, lakini hata aliyeshuka kwenye bodaboda humalizia kwa miguu. Sensa ya 2012 ilihesabu katika manispaa hiyo watu zaidi ya 226,000. Ile ya 2022 ikawakuta wamepita 300,000. Mji unakua, na wanaoongezeka wengi wao wanakuja na miguu yao tu.

Basi tatizo liko wapi? Naomba nilieleze kwa lugha ya fedha, kwa kuwa ndiyo inayosikika. Barabara inapojengwa, kila kitu huwa na bei katika makabrasha ya mkandarasi: kifusi, kokoto, lami, kalavati, taa. Mwembe wa miaka 90 nao umo, lakini umo mahali pamoja tu, kwenye fungu la kusafisha eneo. Yaani unaonekana kama kichaka. Kuukata ni gharama ndogo ya siku moja. Kuuacha, na kuipindisha barabara kidogo au kuipunguza upana, ni kazi ya kuchora upya, na hakuna aliyelipwa kuifanya. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande kwa barabara kuu na za mikoa, na sote tunakumbuka alama za X nyekundu kwenye nyumba za watu. Hifadhi hiyo ni ya barabara. Neno barabara lenyewe tumelifupisha likawa na maana ya mahali pa magari.

Wala si kwamba wahandisi ni watu wabaya. Fedha zinapokuja, na zimekuja Tabora kama zilivyokuja katika manispaa nyingine kupitia miradi ya kuendeleza miji inayogharimiwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, kipimo cha mafanikio huwa ni kilomita za lami. Waziri hukata utepe kwenye kilomita. Sijapata kumwona waziri akikata utepe kwenye kivuli.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya maeneo ambayo inakusudia kuyaombea hadhi ya urithi wa dunia huko UNESCO. Vimetajwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni jambo la kupongezwa. Lakini angalia: kwa upande wa Tabora kilichotajwa ni Kwihara, kilomita chache nje ya mji, penye tembe ya Livingstone iliyojengwa upya na kufanywa makumbusho. Mji wenyewe haumo. Nyumba aliyolala mgeni kwa miezi michache ina ulinzi na kitabu cha wageni, ila miti ambayo vizazi vya wenyeji wamepumzika chini yake haina hata namba.

Najua watakaopinga. Mwenye duka atasema mwembe unaficha kibao chake, unachafua mbele ya duka, na msimu wa maembe watoto hurusha mawe. Ni kweli. Mwenye gari atasema tawi lilianguka likavunja kioo. Hilo nalo ni kweli, maana mti mzee usiopogolewa hukatika wakati wa dhoruba. Lakini dawa ya tawi bovu ni kulipogoa, na manispaa iliyo na fedha za kufagia mtaro inaweza kuwa na fundi mmoja wa miti mwenye msumeno na ngazi. Wengine watasema pandeni mkrismasi au mwarobaini, unakua haraka. Pandeni, nani anakataa? Ila msikate wa zamani kwa ahadi ya mpya. Nchi hii ilikuwa na wito wa "kata mti, panda miti". Nusu yake ya kwanza tumeitekeleza vizuri sana.

Pingamizi kubwa zaidi linahusu machinga. Mwaka 2021 wachuuzi waliondolewa kando ya barabara katika miji mingi na kupelekwa maeneo yaliyotengwa, na hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba wameziba njia za watembea kwa miguu. Hoja ina ukweli ndani yake. Lakini mchuuzi hufuata miguu, na alifuata miguu tangu Kaze. Ukitengeneza njia nzuri ya kutembea yenye kivuli, atakuja tu, akupende akuchukie. Afadhali kumpangia nafasi yake kwenye mchoro, upande wa mti, na kuuacha wazi upande wa kupita, kuliko kumfukuza leo na kumkuta amerudi keshokutwa.

Majirani zetu wamejaribu, na makosa yao yanafundisha. Agosti 2015 jiji la Kigali lilifunga kwa magari sehemu ya mtaa wake wa katikati. Siku za mwanzo lilikuwa eneo tupu la lami: hakuna mti wa maana, hakuna pa kukaa, na wenye maduka wakalalamika kwamba wateja wamekimbia. Walikuwa na haki ya kulalamika. Kufunga magari ni nusu ya kazi. Jua halifungwi kwa amri ya meya. Ilichukua miaka kadhaa mpaka mahali hapo palipopandwa miti na kuwekwa mabenchi na vibanda, pakafunguliwa upya mwaka 2022 kwa jina la Imbuga City Walk, na watu wakaja. Nairobi nako, mwaka 2020, ujenzi wa barabara ya juu ya magari ulipotaka kuung'oa mgumo mkubwa wa Waiyaki Way, wananchi walipiga kelele hata ikatoka amri ya Rais kwamba mti ubaki. Ulibaki. Miti mingine mingi ya barabara hiyo haikuwa na bahati hiyo, kwa sababu haikuwa na umaarufu. Mti usihitaji amri ya Ikulu ili uishi. Tabora ingekuwa na miembe mingapi ya kumpigia Rais simu?

Naiuliza habari hii sasa, si mwakani, kwa sababu ya reli. Reli ya kisasa imekwisha kufika Dodoma, ambako treni za abiria zilianza kwenda mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam. Mikataba ya kuileta Tabora, na kutoka Tabora kwenda Isaka na Kigoma, ilitiwa saini mwaka 2021 na 2022. Siku itakapokamilika Tabora itakuwa tena kile alichokikuta Burton: mahali njia zinapogawanyika. Watu watashuka hapo kwa mamia kwa wakati mmoja, kama msafara ulivyoingia, kila mtu na begi lake. Wakishashuka watatembea. Watakuta nini kati ya stesheni na soko, kati ya soko na stendi?

Hilo linaweza kujibiwa kwenye karatasi kabla katapila halijawashwa. Miembe ya katikati ya mji ihesabiwe mmoja mmoja, ipewe namba na iingizwe kwenye ramani ya mhandisi kama zinavyoingizwa nguzo za umeme na mabomba, ili anayetaka kuukata mmoja atoe sababu kwa maandishi. Mitaro ifunikwe ili juu yake pawe njia ya kupita. Kila jengo jipya la mtaa wa maduka lidaiwe varanda, kama babu zetu walivyodaiwa na jua. Na mahali penye pengo pandwe mwembe wa kokwa, si ule wa kubebesha. Huo wa kubebesha ni mzuri shambani kwa sababu huzaa mapema na hubaki mfupi, ila mtaani mtu atagonga kichwa.

Kokwa zenyewe hazinunuliwi. Msimu wa maembe huko Tabora huangukia kwenye mvua, kwa hiyo kokwa na maji hupatikana mwezi mmoja, Desemba. Mkataba wa kipande cha reli kutoka Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini Desemba 2021. Kokwa iliyofukiwa juma lile na kumwagiliwa viangazi vyake vya kwanza ingekuwa leo mti unaomzidi mtu kimo. Kivuli cha kutosha genge la mama lishe na wateja wake kingetaka miaka mingine kama kumi.